Ramani yasema umeme upo, nasi tuko gizani: naomba ushauri

Assalamu alaikum, ndugu zangu. Ninaishi Langoni, Lamu, na ninauza samaki wa kugandisha, hasa nguru na changu, kwa hiyo umeme ukikatika usiku ninahitaji kujua mapema kama ningoje au nikatafute barafu.

Huwa ninafungua ramani ya mtandaoni ya kampuni inayotuuzia umeme. Juzi mtaa wetu ulikaa gizani kwa saa 5, ilhali ramani ilionyesha kisiwa kizima kina umeme. Ninavyofahamu, hitilafu ikitokea kwenye laini kubwa itokayo Rabai kupitia Malindi na Garsen, chumba cha udhibiti huiona papo hapo. Lakini fyuzi ya transfoma moja ya mtaani ikiungua, kampuni haiwezi kujua mpaka mteja atoe taarifa, isipokuwa penye mita zinazotuma taarifa zenyewe. Jirani yangu alidhani mimi nimeripoti, nami nikadhani ni yeye.

Naomba kujua kutoka kwa wenye uzoefu: je, taarifa moja yatosha, au ni bora kila nyumba iripoti kwa nambari ya mita yake ili kampuni itambue ni transfoma ipi? Ule muda wa makadirio wa umeme kurudi unaoandikwa kwenye ramani, mnauamini kiasi gani mnapoamua kuhamisha mali? Na mtandao wa simu unapodhoofika umeme ukiwa umekatika, mnafuatilia kwa njia gani?