Tupeane uzoefu: mtoto kawekwa "mlo wa kandida". Karanga, korosho, lozi, mlichagua vipi?

Mama Nasra
Habari za usiku wapendwa. Nasra wangu ana miaka mitatu na nusu. Tangu Pasaka anatoka utando mweupe mdomoni, kwenye ulimi na ndani ya mashavu. Tunapewa matone, unaisha, baada ya wiki mbili tatu unarudi. Shoga yangu akaniunganisha na dada mmoja anayeuza virutubisho mtandaoni, naye akasema mtoto ana kandida tumboni, yaani hao fangasi wa utando mweupe, akanitumia orodha. Sukari hapana, mkate wa hamira hapana, ndizi mbivu hapana, maziwa hapana. Mwisho kabisa: karanga, korosho na pistashio marufuku, "zina kuvu, zinalisha kandida". Ruksa ni lozi, wolnati, hazelnati na makadamia.

Nikaenda supamaketi. Pakiti ya lozi inaenea kiganjani, na kwa bei ile sokoni Tandika nabeba karanga na mchele juu. Halafu Nasra uji usiotiwa karanga anafumba mdomo kama kaambiwa ameze dawa. Waliopita njia hii mlifanyaje? Naomba yaliyowakuta wenyewe, msinirushie tu vitu vya kusoma.

Nyakato_wa_Buza
Mama Nasra mimi orodha hiyo naijua, niliifuata kama msahafu. Wangu alikuwa na mwaka mmoja na miezi tisa. Nikatoa karanga kwenye uji, nikatoa maziwa, nikatoa ndizi. Ikabaki mboga, mayai na ugali kidogo, na yeye mayai hapendi. Mwezi wa pili akapata na kuhara juu yake. Nilipompeleka kliniki, ule utepe wa kupima unene wa mkono ukasoma nyekundu, chini ya sentimita 11.5, yaani utapiamlo mkali. Nesi akanitazama tu.

Tukapewa chakula dawa, zile pakiti za kukamua mdomoni. Nikageuza pakiti nyuma kusoma kimetengenezwa na nini. Cha kwanza pale: karanga. Yaani nilichomnyima nyumbani miezi miwili ndicho serikali inampa apone! Nilicheka peke yangu kwenye daladala, machozi yananitoka.

Alizikamua zote, akanenepa, na fangasi wala hawakuzidi. Mpaka leo yule aliyenipa orodha sijamwambia.

Baba Junior
Naongezea kidogo. Hoja ya orodha ni kwamba wanga unalisha fangasi, sivyo? Sasa gramu 100 za korosho zina wanga kama gramu 30. Lozi kama 22, ingawa zaidi ya nusu yake ni nyuzinyuzi. Karanga kama 16. Na kwa protini karanga zina kama 26, makadamia 8 tu. Kwa hesabu hiyo hiyo yao, karanga ndiyo ilitakiwa iwe ruksa. Mimi nilipoona hivyo nikaikunja karatasi.

Mgogo_Halisi
Hapo kwenye kuvu niacheni niseme, maana nimezaliwa kwenye magunia ya karanga. Mama yangu anauza Dodoma hadi leo.

Kuvu la karanga lipo kweli, na ni la kuogopwa. Ila siyo kandida! Ni fangasi wengine kabisa, wanaitwa Aspajilasi, wanatoa ile sumukuvu. Haileti utando mdomoni, inaua ini. Wakenya wanakumbuka mwaka 2004 kule Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa mahindi yenye sumukuvu. Sisi mwaka 2016 tulizika watu Dodoma na Manyara. Kwa hiyo mtu akikuambia "karanga zina kuvu" hajadanganya, kakosea tu kesi. Na hizo lozi na pistashio za dukani nazo zinaweza kuingiwa na sumukuvu hiyo hiyo, kuvuka bahari hakuzisafishi.

Nyumbani kwetu utaratibu wa karanga za mtoto ni huu. Unanunua zenye maganda, unabandua mwenyewe. Ukikuta ganda limetoboka au lina weusi ndani, tupa. Kisha chambua punje: iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, iliyoanza kuota, weka pembeni, na usimpe kuku, kuku naye anadhurika. Ukionja ikawa chungu tema. Usijidanganye kwamba kukaanga kutaua sumu, kunapunguza tu, nyingine inabaki. Na jamani, unga wa karanga uliokwisha kusagwa msiununue kwa msiyemjua. Mnadhani zile mbovu zinazochambuliwa zinakwenda wapi? Mama anasema mashine haina macho.

UmmSalim_Maskati
Assalaam aleikum. Huku nilipo lozi ndiyo rahisi kuliko karanga, kwa hiyo bei sikuipigia hesabu. Daktari wangu hakuniambia habari ya mlo, ni jirani. Nikamtoa Salim kwenye karanga nikamtia kwenye korosho na lozi, maana kila mtu na orodha yake, ya jirani yangu korosho ilikuwa ruksa.

Siku ya pili ya korosho, hata dakika kumi hazikupita, midomo ikavimba, shingo nzima vipele vya kuwasha, akaanza kutapika na sauti kukwama. Tukakimbia naye hospitali, akachomwa sindano ya adrenalini pajani. Wakatuambia tukae masaa mengi tukitazamwa, kwa sababu inaweza kurudi. Tangu siku hiyo korosho na pistashio haramu nyumbani kwangu. Zote mbili, kwa kuwa ni ndugu wa ukoo mmoja, anayedhurika na moja mara nyingi hudhurika na nyingine. Karanga, wallahi, anakula hazimfanyi kitu.

Taabu yangu sasa ni halwa. Ukitembelea mtu hapa lazima sahani ya halwa iletwe, na ndani mna korosho au lozi, huzioni mpaka utafune. Mtoto nimemfundisha aseme mwenyewe "mimi sili", watu wazima wanamwona hana adabu. Na wamwone.

Mama Nasra, kama unambadilishia, ingiza aina moja moja, kidogo sana, mchana, siyo usiku wa kulala. Na uwe karibu na usafiri.

Wanjiku_wa_Ruiru
Sisi huku hizo karanga tunaita njugu. Wangu alikuwa miaka miwili na nusu, tuko kwa matatu, mjomba wake akamnunulia njugu zile za kufungwa na karatasi. Akacheka na njugu mdomoni. Akakohoa mpaka akageuka rangi, halafu ikaisha, tukasema asante Mungu. Kumbe haijaisha. Kikohozi wiki tatu, kifua kinapiga filimbi upande mmoja. Tulipewa dawa ya nimonia, ikaisha, tukapewa ya pumu. Picha ya kifua haikuonyesha njugu, njugu haionekani kwa picha, lakini daktari wa tatu akaona pafu moja limejaa hewa kuliko lingine. Akauliza, "Huyu mtoto ameshawahi kusakamwa na kitu?" Mtu wa kwanza kuuliza hivyo! Akaingizwa theatre, wakatoa nusu ya njugu.

Kwa hivyo mimi swali la njugu gani, korosho au makadamia (na sisi tuko na miti ya makadamia shambani Murang'a), sijali. Chini ya miaka mitano kila kitu kinasagwa laini na kuchanganywa kwa uji. Siyo kijiko kizima cha siagi ya njugu pia, inakwama kooni. Na makadamia ikianguka, wahi kabla ya mbwa, ni sumu kwake. Hiyo nayo tulijifunza kwa njia mbaya.

Tabibu_mstaafu
Mimi ni tabibu lakini hili nasema kama mzazi, maana hospitali nilikuwa nawafundisha wenzangu na nyumbani limenipita. Mwanangu wa miaka minne alikuwa na fangasi wa mdomoni miezi mitano. Mke wangu akaanza kusikia habari za mlo, akatoa sukari, akatoa karanga. Mimi nikamwacha. Siku moja namtazama mtoto anavyovuta dawa yake ya pumu ya asubuhi, ile yenye steroidi, akimaliza anakimbilia katuni. Hasukutui! Dawa inabaki mdomoni, kinga ya pale inashuka, fangasi wanashamiri. Tukampa ile chupa ya plastiki ya kuvutia dawa (spesa), akawa anasukutua maji na kutema kila akivuta. Tukamaliza na dozi ya matone, mpaka leo haujarudi.

Kandida wanaishi kwenye midomo na matumbo ya watu wengi wazima wa afya. Mtoto aliyevuka mwaka akirudiwa mara kwa mara, kuna kitu kimewafungulia mlango: antibayotiki za mara kwa mara, dawa ya pumu, kisukari, au kinga imeshuka. Kipimo cha VVU kisiogopwe, mama. Ushahidi wa kuaminika kwamba kunyima karanga kunaponya fangasi sijauona miaka yangu yote ya kazi.

Manka_wa_Marangu
Na kweme je? Hakuna orodha yoyote ya wazungu iliyoitaja, kwa hiyo sijui ni ruksa au ni dhambi 😂. Kwa wasioijua: tunda lake ni kubwa kama malenge, ndani mbegu bapa pana kama sarafu, zimevalia maganda magumu yenye nyuzi. Uchagani mzazi akijifungua lazima ale, bibi anasema inaleta maziwa. Bibi yangu alikuwa anazimenya kwa kisu huku anapiga stori, mimi kazi yangu kuiba. Wanangu nimewasagia kwenye mtori. Utamu wake hata lozi haigusi, ila kumenya unatoka jasho.

Cha maana nilichokiona kwangu ni sukari iliyojificha. Nilikuwa nanunua siagi ya karanga ya dukani najua ni karanga tupu, kusoma kibandiko: sukari, mafuta, chumvi. Sasa nasaga mwenyewe. Kashata na karanga za mayai ni za sikukuu.

Mama Nasra
Nimerudi wapendwa, samahanini kwa kimya. Maneno ya tabibu yalininyima usingizi. Nikachukua kadi ya Nasra nikahesabu: tangu mwezi wa pili kapewa antibayotiki mara tatu, zote za mafindofindo. Nilikuwa sijaziunganisha kichwani. Tumepima VVU na sukari, kote salama, alhamdulillahi. Halafu daktari akaniuliza matone naacha lini. Nikamjibu, utando ukiondoka. Akatikisa kichwa. Kumbe natakiwa niendelee siku mbili zaidi baada ya utando kuondoka, na nisimpe maji wala uji papo hapo baada ya kudondosha. Mimi nilikuwa nafuatishia uji ili aondoe uchungu mdomoni. Uji wa karanga!

Orodha nimeifuta. Dada wa virutubisho kaniuliza kwa nini sijaagiza, nimemwonyesha picha ya pakiti ya chakula dawa ya mtoto wa Nyakato (nimeipata mtandaoni, Nyakato usinishtaki), hajajibu hadi sasa.

Jumamosi nilinunua karanga za maganda kwa mzee mmoja anayeanika kwenye turubai, nikafuata masharti ya Mgogo. Katika kilo mbili nimetupa karibu konzi mbili. Nasra kapewa kazi ya kubandua, na Wanjiku usiogope, nimekaa naye uso kwa uso na punje nzima haifiki mdomoni. Anazihesabu kwa sauti hadi kumi na mbili, halafu anarudi sita.

Manka, hizo kweme zinapatikana Dar, au mpaka mtu apande basi la Moshi?