Naomba ushauri: Toyota Noah au Vanguard kwa familia ya Kibosho?

Habari zenu wakuu. Tuko saba nyumbani Kibosho, pamoja na mama mkwe mwenye shida ya magoti. Kliniki yake ni hospitali ya KCMC, Moshi. Noah yetu inavuta magurudumu ya mbele tu, na masika ikifika hapa mlimani ni utelezi mtupu. Tumebadilisha matairi, bado inakwama.

Nimejaribu Toyota Vanguard ya jirani, siti saba, injini ya 2.4, inayovuta magurudumu yote. Mama alipanda bila kushikwa, nikafurahi sana. Ila siti za nyuma kabisa ni finyu, na zikifunguliwa buti karibu inaisha.

Mnaoitumia milimani: mafuta inakulaje? Na watoto wa shule ya msingi wanakaa vizuri kule nyuma hadi Arusha?