Bolti za kava ya klachi: hii mpya inaingia ila kichwa hakikai, nilazimishe?

Wakuu salama? Nimefungua kava ya klachi ya pikipiki nibadilishe gasketi, bolti mbili vichwa vilikuwa vimeliwa nikazitoa kwa plaiza. Ninazo za stenlesi, spana namba 10 vilevile, zinaingia vizuri tu kwa mkono lakini mwishoni kichwa kinabaki juu kama milimita 3 hivi. Nikaze tu zitakaa? Pia nina kubwa za hivyohivyo nataka nifungie diski ya breki ya mbele, za sasa zina kutu balaa.

spana_mkononi: Acha kabisa!! Ncha imeshagonga mwisho wa shimo, ukikaza hapo unapasua alumini ya injini. Namba 10 ni ya kichwa tu mkuu, haikwambii urefu. Ilaze ya zamani pembeni ya mpya upime. Halafu kava moja inaweza kuwa na bolti za urefu tofauti, mi huwa nachora kava kwenye boksi natoboa kila bolti mahali pake.

mzee_wa_grisi: Sio lazima utupe, zikate na msumeno wa chuma. Ila valisha nati KWANZA ndo ukate, ukiifungua nati inanyoosha uzi wa bolti (yale meno yake) ulioharibika.

kaza_taratibu: Stenlesi kwenye kava sawa, paka grisi ya shaba maana na alumini zinashikana kwa kutu. Bolti yenye unene wa milimita 6 inataka kama 10 Nm tu (kipimo cha nguvu ya kukaza), na ukishapaka grisi punguza kidogo. Kwenye diski HAPANA. Soma kichwani, 8.8 au 10.9 ndo nguvu ya chuma, stenlesi ya kawaida A2-70 inaanza kuvutika mapema kuliko hata 8.8.

boda_wa_usiku: mbona mi nimefunga stenlesi kwenye diski muda tu na natembea

kaza_taratibu: Unatembea sawa, shida ni siku ya kusimama ghafla.

mwenye uzi: Nimepima, ya zamani 30 mpya 35, ningeua injini kwa milimita 5 😅 Nakata. Za diski zimeandikwa 10.9, naagiza za modeli yake.

mzee_wa_grisi: Hizo usipake grisi, futa mafuta kwenye mashimo yakauke kabisa ndo utie gundi ya bolti ile ya bluu, nyekundu itakusumbua siku ya kufungua.