Barabara ya mlimani na mtaro wake: inaingiaje kwenye bajeti ya Jiji?

MkaziMlimani

Habari zenu wakuu. Naomba msaada wa wanaozijua bajeti za halmashauri hapa Mwanza. Kuna njia ya mtaa upande wa Nyamagana, urefu kama mita 600 na upana mita 4, inapanda mlima wa mawe kama ilivyo Mabatini au Igogo. Mvua ikinyesha maji ya juu yote yanashukia humo, gari la wagonjwa halifiki. Wananchi wameiibua kwenye mikutano ya mtaa zaidi ya mara moja, lakini kwenye kitabu cha bajeti haimo. Ombi linapita wapi na mwezi gani? Fedha zake hutoka fungu lipi? Na mtaa wenyewe uandae nini kabla?

MchumiKanda

Mkuu, kabla ya mwezi na fungu, jibu kwanza swali ambalo wengi wanaliruka: barabara hiyo ni ya nani?

Tangu 2017 barabara za wilaya, yaani za mkusanyo, mjazio na za jamii, pamoja na za mijini, ziko TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Barabara kuu na za mkoa, mfano ile ya Mkolani na Buhongwa kwenda Shinyanga au ya Nyakato na Igoma kwenda Musoma, ni za TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Mabomba ya maji na majitaka ni ya mamlaka ya maji ya Mwanza, MWAUWASA. Halmashauri imebaki na masoko, stendi, taka ngumu, shule, zahanati na mengine ya aina hiyo. Kwa hiyo barua inayosema "tunaomba Jiji litutengenezee barabara" bila nakala kwa Meneja wa TARURA wa wilaya inaweza kupokelewa vizuri, ikagongwa muhuri, na isiwe na fungu la kuilipia.

Ukishajua mwenye barabara, uliza kama njia hiyo imo kwenye orodha ya barabara za TARURA, ile iliyo kwenye mfumo wa DROMAS. Kama haimo, fedha za matengenezo kutoka Mfuko wa Barabara haziigusi, maana ule mfuko unatunza barabara zinazotambuliwa. Milimani kwetu hapa ndipo maombi mengi yanapokwama. Njia ilianza kama ya miguu, nyumba zikajengwa pande zote mbili, na kwenye ramani haipo. Nendeni ofisi ya mipango miji mkaangalie michoro ya urasimishaji wa eneo lenu. Kama mchoro umeacha upana wa barabara, ombeni kwa maandishi itambuliwe. Kama haujaacha, mtahitaji ridhaa ya kila mwenye nyumba ambaye ngazi, baraza au uzio wake umeingia njiani, iliyosainiwa na kuambatanishwa kwenye muhtasari wa mkutano wa mtaa. Ridhaa ya mdomo huwa inakufa siku mtambo unapofika.

Kuhusu kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini fedha za Julai zinagombewa karibu mwaka mzima kabla. Mtaa unaibua vipaumbele kwa utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, vizuri ikiwa Agosti au Septemba. Vinapanda Kamati ya Maendeleo ya Kata, anayoiongoza diwani, ambako mitaa yote ya kata inachujwa. Halafu wataalamu wa halmashauri wanavioanisha na ukomo wa bajeti uliotolewa, vinaingizwa kwenye PlanRep, mfumo wa mipango na bajeti wa halmashauri, vinapita kamati za kudumu, na Baraza la Madiwani linakaa Januari au Februari. Baada ya hapo ni mkoa, TAMISEMI, Hazina, na Bunge kati ya Aprili na Juni.

Watu wengi wanaamka Februari wakisikia Baraza limekaa. Kwa maoni yangu mlango wenu halisi ni kamati ya kata, Oktoba au Novemba. Kwenye Baraza ukomo umeshajulikana, na kuingiza mradi mpya maana yake ni kutoa wa kata nyingine. Hakuna diwani atakayekubali hilo kwa urahisi.

Fedha: vyanzo ni vingi kuliko watu wanavyodhani. Kuna Mfuko wa Barabara kwa matengenezo. Kuna tozo ya shilingi 100 kwa lita ya petroli na dizeli iliyoongezwa 2021 kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini. Kuna ruzuku ya maendeleo ya Serikali Kuu. Kuna mapato ya ndani, ila hayo yana masharti: asilimia 10 inakwenda kwenye mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu kwa mgawanyo wa 4, 4 na 2, na sehemu iliyobaki ya maendeleo inagombewa na madarasa, zahanati na masoko. Kuna Mfuko wa Jimbo, ambao kamati yake inaongozwa na mbunge. Hautajenga mita 600, lakini kalavati moja au mawe ya mtaro unaweza. Miradi mikubwa ya miji kama TACTIC huchagua barabara zake kwa vigezo vyake na usanifu wake, kwa hiyo njia ya mita 600 ya mtaani isiisubiri hiyo.

Kokoto_Nyakato

Nakubaliana na MchumiKanda. Nitaongeza upande wa vipimo, kwa sababu ombi lenye namba linamshinda jirani yake lisilo nazo hata kama shida ni ileile.

Mlimani usiombe changarawe. Kwenye mteremko unaozidi asilimia 8 hivi, changarawe inahama na maji msimu mmoja. Fanya hesabu uone hasara: mita 600 kwa 4 kwa sentimita 15 zilizoshindiliwa ni mita za ujazo 360. Ikiwa haijashindiliwa ongeza kama theluthi moja, unafika 480, yaani tripu 48 za tipa la mita 10, na zote zinaishia kwenye mtaro wa watu wa chini na hatimaye Mto Mirongo na ziwani. Mwanza mawe tunayo. Barabara ya mawe ya sentimita 20 juu ya mchanga wa sentimita 5 itataka mita za ujazo 480 za mawe yaliyopangwa (agiza 550, kuna yanayovunjika na yasiyofaa) na 120 za mchanga. Kingo za pembeni ni lazima zijengwe kwa saruji. Zikikosekana mawe ya pembeni yanaanza kutoka, na moja likitoka mengine yanafuata.

Lakini mradi wenyewe hasa ni mtaro. Chukua mtaro wa ndani sentimita 60 kwa 60, kuta za mawe sentimita 30 na sakafu 20. Mita 600 za mtaro huo ni mita za ujazo 360 za ujenzi wa mawe. Chokaa ya saruji na mchanga kwa uwiano wa 1 kwa 4 inachukua karibu theluthi ya ujazo huo, kwa hiyo saruji ni kama mifuko 850 hadi 900 ya kilo 50. Uchimbaji ni takribani mita za ujazo 580.

Hapo kwenye uchimbaji ndipo makadirio ya Mwanza yanapoharibika. Mtu anaandika "kuchimba udongo" kwa bei ya udongo, mkandarasi akifika sentimita 40 anakutana na jiwe. Kupasua jiwe kwa kompresa ni bei nyingine kabisa, kazi inasimama ikisubiri mabadiliko ya mkataba. Chimbeni mashimo ya majaribio kila mita 50, ni 13 tu kwa urefu huo, muandike kina ambacho jiwe limeonekana. Vijana wa mtaa wanaweza kuyamaliza kwa sururu na koleo. BOQ, yaani orodha ya kazi, vipimo na bei, iwe na mstari wa udongo na mstari wa mwamba, kila mmoja na kiasi chake.

Jambo la pili ni ukubwa wa eneo linalomwaga maji. Mtaro huo ukijaa robo tatu kwenye mteremko wa asilimia 5 unapitisha kama mita za ujazo 0.77 kwa sekunde. Kwa mvua ya milimita 80 kwa saa na eneo lililojaa mabati na miamba, hiyo inatosha hekta 5 hivi. Kama juu yenu kuna hekta 10, mtaro utafurika hata ukijengwa vizuri namna gani. Na mteremko ukiwa mkali zaidi ya hapo, wekeni ngazi ndani ya mtaro za kuvunja kasi ya maji, shimo la kunasa mchanga kabla ya kila kalavati, na mahali pa kuyatuliza maji mwishoni. Mtaro unaoishia hewani juu ya nyumba ya mtu ni kesi.

MkaziMlimani

Asanteni sana wakuu. Mwisho wa mtaro unaangukia bonde dogo linaloelekea Mirongo. Kuna kibali? Na je, tudai fosi akaunti, yaani taasisi ijenge yenyewe kwa kutumia mafundi, ili fedha zitoshe, au mkandarasi?

Mzabuni_Pasiansi

Kwa kibali, ofisi ya maji ya Bonde la Ziwa Victoria na afisa mazingira wa halmashauri waone mchoro mapema. Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa, hivyo ujenzi wowote ndani ya hapo uwe na maandishi. Tena angalieni mpaka: maji hayajui kuwa Ilemela na Nyamagana ni halmashauri mbili. Kama mkondo wenu unaanzia upande mmoja na kuishia mwingine, bajeti mbili lazima zizungumze, vinginevyo nusu ya mtaro itajengwa na nusu itasubiri.

Fosi akaunti inafaa kupanga mawe na kujenga kuta, maana ni kazi ya mikono. Haifai kupasua mwamba wala kuweka kalavati kubwa. Na uamuzi huo si wa mtaa; anayeununua mradi ndiye anayechagua njia, na lazima uwe kwenye mpango wake wa ununuzi wa mwaka ndani ya NeST, mfumo wa mtandaoni wa ununuzi wa umma. Mnachoweza kudai ni kwamba sehemu ya kazi ipewe vikundi vilivyosajiliwa, kwa sababu sheria ya ununuzi inatenga asilimia 30 kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na wenye ulemavu. Kikundi kisajiliwe sasa, si siku tangazo linapotoka.

Kwenye jumla ya gharama msisahau VAT ya asilimia 18 na dharura ya asilimia 5 hadi 10. Makadirio yasiyo na mistari hiyo miwili yakifika mezani ni lazima mita zipunguzwe, na kinachokatwa kwanza huwa mtaro.

MchumiKanda

Hapo mwisho Mzabuni kagusa penyewe. Msiwape nafasi ya kukata mtaro. Gaweni mradi awamu mbili kwenye muhtasari wenu: mwaka wa kwanza mtaro wote kuanzia chini kwenda juu, mwaka wa pili mawe ya barabara. Ukianza juu, maji yote yaliyokusanywa yanamwagwa katikati ya mlima.

Na kuhusu muda, kiangazi chetu ni Juni hadi Septemba, vuli inaingia Oktoba. Usanifu na nyaraka za zabuni zikianza kuandaliwa baada ya Julai 1, mkataba unasainiwa mvua ikiwa imefika. Mwombeni mhandisi apime kati ya Machi na Mei, wakati maji yanaonekana kwa macho, ili zabuni itangazwe mara tu bajeti inapopita. Kazi isipokamilika, Juni 30 salio la fedha za Serikali Kuu linaweza kuvutwa Hazina.

Kila robo mwaka ombeni taarifa ya utekelezaji kwa mtendaji wa kata. Someni safu mbili: kiasi kilichoidhinishwa na kiasi kilichopokelewa. Mradi ukiwa na milioni nyingi kwenye safu ya kwanza na sifuri kwenye ya pili, muulizeni diwani kwenye robo ya pili, Desemba, si Juni.

Kokoto_Nyakato

Wekeni pia mstari wa kuzibua mtaro mara mbili kwa mwaka, Septemba na Februari. Mchanga na mifuko ya plastiki vikijaa hadi nusu, hesabu yangu ya hekta 5 haipo tena. Kazi hiyo inaingia kwenye matengenezo, na ndiyo inayofaa kupewa kikundi cha mtaa kwa mkataba.