Maneno ni yake kweli, lakini klipu imekatwa: je, huo ni uongo?

BintiUluguru ameuliza:
Wanajukwaa, habari za leo. Mjomba wangu, ambaye ndiye aliyenilea, ametuma katika kundi la familia la WhatsApp klipu ya sekunde 19. Inamwonyesha mgombea udiwani wa kata yetu akisalimia, kisha akisema, "Maji ya bomba si haki ya kila mtu," na watu wanashangilia. Mimi nilikuwepo mkutanoni, na nakumbuka alisema wapo wanaodai hivyo, naye akawapinga. Nilipomweleza mjomba, alinijibu: "Mpwa wangu, sauti ni yake au si yake? Mdomo ni wake au si wake?" Nikakosa la kusema. Je, video ambayo kila neno lake lilitamkwa kweli inaweza kuitwa ya uongo? Na sisi tusio mafundi tutaitambuaje?

FundiPicha amejibu:
Nimehariri video za harusi na mikutano kwa miaka kadhaa, kwa hiyo nitajibu swali la pili. Hotuba ikikatwa katikati, kichwa cha msemaji huruka ghafla, na ili mruko huo usionekane, mhariri huweka juu yake picha ya umati wakati sauti mbili zinaunganishwa chini kwa chini. Ukiona umati umejitokeza katikati ya sentensi, jua kwamba huenda pana kiraka, ingawa hata mhariri mwaminifu hufanya hivyo ili kufupisha. Usimtazame msemaji, watazame waliokaa nyuma yake. Sikiliza pia mlio wa jenereta au upepo: sauti ya msemaji unaweza kuiunganisha vizuri, lakini kelele za nyuma hukatika.

Tena si lazima kukata. Mwezi Mei 2019, video ya Nancy Pelosi, wakati huo Spika wa Baraza la Wawakilishi la Marekani, ilipunguzwa kasi hadi takriban asilimia 75, na sauti yake ikarekebishwa isizame, hivyo akaonekana kama mlevi. Hakuna neno lililoongezwa wala kuondolewa. YouTube waliiondoa, Facebook waliiacha, wakapunguza kusambaa kwake na kuiambatanisha na taarifa za wahakiki.

MzeeWaMagazeti amejibu:
Binti, swali la mjomba wako lilikwisha kuulizwa Marekani mwaka 2010. Shirley Sherrod, mwanamke mweusi aliyesimamia maendeleo ya vijijini katika jimbo la Georgia chini ya Wizara ya Kilimo, alihutubia mkutano wa NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, mwezi Machi. Alisimulia jinsi mkulima mzungu alivyomwendea mwaka 1986 akiomba msaada wa kuokoa shamba lake, naye mwanzoni hakumsaidia kwa moyo wote. Tarehe 19 Julai, Andrew Breitbart, mwanablogu wa mrengo wa kulia, aliweka mtandaoni kipande kifupi chenye maneno hayo, na siku hiyohiyo mama huyo akashinikizwa kwa simu, akiwa barabarani anaendesha gari, ajiuzulu. Hata NAACP wenyewe walimlaani kwanza.

Hotuba nzima, ya zaidi ya dakika 40, ilipotolewa, ikaonekana kwamba kisa kile kilikuwa ni ungamo: aliendelea kueleza jinsi alivyotambua kwamba tatizo ni umaskini kuliko rangi, akamhangaikia mkulima yule mpaka shamba likapona. Tena ni mtu ambaye baba yake aliuawa na mzungu mwaka 1965 bila yeyote kushtakiwa. Familia ya mkulima ilijitokeza kwenye televisheni kumtetea, Waziri Tom Vilsack akaomba radhi na kumpa nafasi nyingine, naye akaikataa. Mwambie mjomba kwamba sauti ilikuwa yake na mdomo ulikuwa wake, lakini kisa kilikuwa cha Breitbart.

Mdadisi_Tanga amejibu:
Naomba tusijidanganye kwamba haya hufanywa na wachochezi peke yao. Kipindi cha Panorama cha BBC, kilichorushwa siku chache kabla ya uchaguzi wa Marekani wa 2024, kiliunganisha sehemu mbili za hotuba ya Donald Trump ya tarehe 6 Januari 2021, siku wafuasi wake walipovamia bunge, zilizoachana kwa zaidi ya dakika 50, kana kwamba aliwaita watu waandamane naye kwenda bungeni wakapigane. Mahali alipowaambia waende kwa amani hapakuonyeshwa. Mkurugenzi Mkuu Tim Davie na mkuu wa habari Deborah Turness walijiuzulu Novemba 2025. Wengi wetu tusiompenda Trump tulikitazama bila kuhoji, kwa kuwa kilisema tulichotaka kusikia, na nadhani hapo ndipo mjomba naye alipo kuhusu huyo mgombea.

BintiUluguru amejibu:
Nawashukuru nyote. Nimeitazama tena klipu kama FundiPicha alivyoelekeza. Nyuma ya mgombea ameketi mama mwenye kitenge cha kijani: wakati wa salamu amepakata mtoto aliyelala, ila umati unaonyeshwa kidogo, na neno "maji" linapotamkwa mapaja yake ni matupu. Nimemtumia mjomba sehemu hiyo pamoja na video nzima niliyoipata kwa jirani, ya dakika 41. Amejibu kwamba mtoto kweli hayupo, lakini dakika 41 ni nyingi, ataitazama Jumapili.