Waziri kateua bodi nzima ya makumbusho yetu. Ni kawaida?

Mfungua Maboksi:
Habari zenu wadau. Mwaka wa kumi na moja huu natunza nyaraka kwenye makumbusho ya umma. Juzi tumeletewa bodi mpya, wajumbe tisa, wote kwa barua ya waziri. Nimesoma wasifu wao mmoja mmoja: wanasheria, mhasibu, wanasiasa wastaafu. Aliyewahi kufungua boksi la nyaraka hayumo. Ni kawaida serikali kujaza viti vyote?

Katibu Mstaafu:
Ndugu yangu, nimeandika kumbukumbu za vikao vya bodi kama hiyo mpaka nikastaafu. Nianze na la kukuudhi: huyo mhasibu mnamhitaji kuliko mnavyodhani. Na waziri kuteua si dhambi, maana fedha ni za umma. Mimi ningeuliza kwanza barua zao zinaisha lini.

Za kwetu ziliisha zote siku moja. Waziri alikuwa amebadilishwa, faili la majina mapya likalala mezani kwa mtu. Miezi saba hatuna akidi. Paa la ghala likaanza kuvuja, tena juu ya rafu za nguo za kale. Zabuni ya kulitengeneza inataka idhini ya bodi, na bodi hakuna. Tukafunika rafu kwa turubai, tukatega ndoo mbili. Mlinzi wa usiku ndiye aliyekuwa akiamka saa nane kuzimwaga. Wapya walipofika, ajenda ya kwanza ikawa posho za vikao. Niliiandika kwa mkono wangu.

Mchokonozi:
Mzee, si bora serikali itoe mkono kabisa? Mjumbe anajua nani kamweka, hawezi kumpinga.

Katibu Mstaafu:
Nimewaona waliopinga, ila muhula wa pili hawakuupata. Hiyo ndiyo fimbo yenyewe: hakuna anayekufukuza, barua tu haiji.

Dawa ni kugawa viti kwenye sheria. Tazama British Museum, makumbusho ya taifa kule London. Sheria yake ya 1963 inaruhusu wadhamini, yaani wajumbe wa bodi, hadi 25: 15 wa Waziri Mkuu, mmoja wa Mfalme, wanne wanaopendekezwa na jumuiya za wasomi na wasanii, na watano wanachaguliwa na wadhamini wenyewe. Hao watano wana kazi. Profesa Mary Beard, bingwa wa historia ya Roma, jina lake lilikataliwa na ofisi ya Waziri Mkuu. Mwaka 2020 wadhamini wakamwingiza kwa kiti chao.

Kinyume chake ni Kennedy Center, kituo cha sanaa za maonyesho cha Washington, Marekani. Februari 2025 Rais Trump aliwaondoa wajumbe kadhaa, akaweka wake, nao wakamchagua yeye mwenyewe kuwa mwenyekiti. Pale hapakuwa na viti vitano vya akiba.

Kwa hiyo soma sheria iliyounda taasisi yenu, kifungu cha bodi na jedwali lake. Kama kuna kiti cha wataalamu kinachokaa wazi, andikeni barua kupitia chama chenu, mtaje majina. Wizara hupenda jina lililokwisha kuchambuliwa, huwapunguzia kazi.

Mfungua Maboksi:
Asante mzee. Nimetoka kulisoma tangazo tena. Wote tisa, miaka mitatu, tarehe moja.

Katibu Mstaafu:
Basi paa likaguliwe mwaka huu huu, wakiwa bado wana akidi.