Montaigne na tauni ya Bordeaux: alikuwa na haki ya kutoingia mjini?

Mchokonozi: Wadau, Michel de Montaigne, mwanafalsafa na mwandishi wa Ufaransa, alikuwa meya wa mji wa Bordeaux tangu 1581. Tarehe 30 Julai 1585, muhula wake wa pili ukiwa ukingoni na tauni imeukamata mji, aliwaandikia madiwani kutoka Libourne akiuliza kama kuna haja ya yeye kuingia. Akaahidi kusogea hadi Feuillas, ng'ambo ya mto Garonne, ikiwa ugonjwa haujafika huko. Mjini hakuingia. Na ndiye aliyefundisha kwamba mtu ajiazimishe kwa wengine, ila ajitoe kwa nafsi yake tu. Mnasemaje?

Pilipili Kichaa: Woga uliovikwa joho la falsafa. Rotrou, mwandishi wa tamthilia, alikuwa na wadhifa mjini Dreux. Maradhi yalipozuka mwaka 1650 alikataa kuondoka, akafa. Montaigne anasema meya na Montaigne ni watu wawili. Haya, siku ile meya alikuwa wapi?

Bin Daftari: Mkuu, tazama kazi iliyokuwa imebaki: kukabidhi ofisi, basi. Angeingia, angemponya nani? Umeya wenyewe hakuuomba. Alichaguliwa akiwa Italia, kwenye mabafu ya Lucca, hadi mfalme akamwamuru akubali. Na kwa maneno yake haukuwa na malipo ila heshima. Palipokuwa na haja ya kuwepo kwake hakukimbia. Kulipokuwa na hofu kwamba askari wangeua viongozi kwenye gwaride, wengine walitaka milio ya bunduki ipunguzwe. Yeye akashauri wapite katikati yao uso wazi, na baruti isibaniwe. Shaka ikageuka kuaminiana. Huyo ni mwoga?

Pilipili Kichaa: Na tauni ilipofika kwake? Miezi sita aliwaongoza watu wa nyumbani kutafuta hifadhi, wakihama kila mmoja wao alipolalamika hata ncha ya kidole. Kwa hao alijitoa mzima. Wana Bordeaux wakapata barua.

Mchokonozi: Hapo umegusa, ingawa Rotrou si kipimo cha haki, kufa si sehemu ya majukumu ya ofisi. Mimi kinachonitatiza ni kitabu cha tatu cha Insha zake (Essais), cha 1588. Humo anajibu kwa kirefu waliodai aliongoza kwa ulegevu, anaeleza namna ya kushika madaraka bila kujipoteza, tena ni mtu anayetuambia hadi habari za mawe ya figo yake. Kuhusu barua ya Libourne, kimya. Bin Daftari, kama alikuwa na hoja safi hivyo, mbona hakuiandika?